Mwalimu wa Mwili wa Uongo

Alikuwa mtu wa kukuuliza swali huku ameshaanza kuondoka. Ukitaka kumjibu, mfuate. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fiziolojia ninayoijua niliipata nikitembea nyuma yake, kati ya bweni na darasa, kati ya darasa na shamba la chuo, na mara nyingine kwenye reli, nikiruka kutoka taruma hadi taruma ili nisiachwe. Alikuwa mrefu, shati limechomoka upande mmoja, na mikono yake haikujua kutulia. Akiandika ubaoni, chaki ilikatika. Akipewa chai alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa, akakiacha dirishani na kuagiza kingine. Mpishi wa chuo alikuwa anapita jioni madirishani kukusanya vikombe vyake, akinung'unika.

Nchi nzima wakati ule ilikuwa na Mwalimu mmoja, na picha yake ilitundikwa juu ya ubao wetu. Ili tusiwachanganye, wa kwetu tulimwita Mwalimu wa Mwili. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuwahi kujua, na ukimuuliza angekuuliza wewe kwanza kwa nini mapigo ya moyo wako yamepanda. Alitufundisha katika chuo kidogo pembeni mwa mji wa Kilosa, chuo cha waganga wasaidizi wa vijijini. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, vijiji vilitaka zahanati, na zahanati zilitutaka sisi, tena upesi. Tulisoma upesi, tulilima upesi, tuliimba upesi kwenye mikutano, na bado kila mgeni aliyekuja kutoka mkoani alituambia tumechelewa.

Tulichokosa ni maabara. Chumba kilikuwepo, na mlangoni kimeandikwa Maabara kwa rangi nyeupe, lakini ndani mlikuwa na meza ya saruji, darubini yenye kioo kilichopasuka, na majembe ya shamba la chuo. Mtaala ulitutaka tufanye majaribio: umpasue chura, uufunge moyo wake kwa uzi, uutilie dawa, na chombo kichore jinsi unavyopiga. Vyura Kilosa hawajawahi kuadimika. Mvua zikianza na mto Mkondoa ukijaa, ilibidi tuwafagie barazani. Dawa na chombo cha kuchorea ndivyo tulivyoahidiwa kila muhula na kila muhula havikufika.

Hata vingefika, sidhani kama angevitumia. Siku ya kwanza kabisa alituambia, "Chura anajibu swali moja, halafu anakufa. Mimi nina maswali mengi."

Alikuwa amesoma ng'ambo, na huko, mara moja, kupitia dirisha la kioo, aliiona kompyuta. Hakuigusa. Ilijaza chumba kizima, alisema, na watu wake walivaa makoti meupe kana kwamba inaumwa. Walikuwa wameiingizia mwili wa mtu, mwili wa namba tupu. Wakiupa chumvi, mashine inawaambia mkojo utakuwaje. Wakiutoa damu, mashine inawaambia moyo utafanya nini. Wakiuua, hakuna anayezikwa. Alirudi nyumbani na picha hiyo kichwani, na akajua vizuri sana kwamba mashine ya namna ile haitashuka kwenye treni Kilosa katika maisha yake.

"Nikafikiri," alitueleza, akizunguka nyuma ya viti vyetu, "ile mashine haina akili. Ni chumba kilichojaa vitu, kila kimoja kinafuata kanuni yake, hakichoki wala hakimwangalii jirani. Vitu sina. Watu ninao."

Ndivyo tulivyogeuzwa kuwa kompyuta. Alipanga madawati mduara, na kila dawati likawa kiungo: Moyo, Mapafu, Utumbo, Figo, Ngozi, Misuli, Ubongo. Kila mmoja wetu alikuwa na bakuli lake na kanuni yake. Punje za mahindi zilikuwa maji, choroko zilikuwa chumvi, kunde zilikuwa sukari. Mlangoni kilining'inia kipande cha chuma cha reli, na mwenzetu mmoja alikigonga. Kikilia, kila kiungo kinatazama bakuli lake, kinafanya kile tu ambacho kanuni yake inasema: mpe jirani kiasi hiki, bakiza kiasi hiki, ukipungukiwa punguza kutoa. Kisha mwenzetu mwingine anahesabu bakuli la Moyo na kuweka nukta ubaoni. Chuma kinalia tena. Nukta nyingine. Baada ya muda nukta zinakuwa mstari, na mstari ule ndio uhai wa mtu ambaye hayupo.

Mimi nilikuwa Figo. Nakumbuka mchana wa kwanza tulipoumwagia mwili ule maji mengi kupita kiasi. Mstari ulipanda, ukapanda, nikaanza kuingiwa na hofu kwa sababu ya punje za mahindi, jambo ambalo hata nikilisema leo nacheka. Halafu mstari ukajikunja wenyewe na kushuka taratibu hadi mahali pake. Hakuna aliyeambiwa auokoe mwili. Kila mtu alifanya kakazi kake kadogo, akiinamia bakuli lake, na mwili ukajiokoa. Nilitaka kutoka nje kumwambia mtu yeyote, hata muuza ndizi.

Yeye hakutuacha tufurahi. Alipiga makofi mara moja na kuuliza swali ambalo aliuliza kila mwisho wa mchezo, bila kukosa, kwa miaka yote niliyokaa pale: "Haya. Uongo wake uko wapi?"

Kwa sababu mwili ule aliuita mwili wa uongo, na alitaka tuutafute huo uongo. Mtu wa kweli hafi kwa kugongewa chuma. Mtu wa kweli analala, anaogopa, ana mimba, ana minyoo. Ulikuwa huruhusiwi kutoka darasani kabla hujataja angalau uongo mmoja, na usirudie wa mwenzako. Wa mwisho waliteseka. Niliwahi kubaki peke yangu nikiutafuta huku nasikia wenzangu wakigonga sahani za ugali, na njaa ikanifunulia kwamba mwili wetu haukuwa na njaa. "Umeona!" alifoka kwa furaha, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Punje zile alizinunua mwenyewe sokoni. Alizichambua hapo hapo, akikataa zilizotoboka, mpaka wauzaji wakaamini anafuga kuku wa kizungu wenye mdeko. Walimwita Baba Kuku. "Baba Kuku, leo unachukua kunde?" Naye alijibu kwa adabu kwamba leo anahitaji sukari, wakaangushana kwa kicheko. Msimu mmoja fukusi waliingia kwenye gunia, na mwili ukawa unadhoofika bila sababu. Kila tukihesabu, maji yamepungua. Angeweza kulianika gunia akatuambia. Alituacha tuhangaike siku kadhaa, tukimshuku Ngozi anatoa jasho kwa siri, mpaka tulipowakuta wadudu wenyewe. "Sasa mnajua minyoo ya safura inavyofanya kazi," alisema. Tulimchukia kidogo siku ile.

Mwaka wa njaa, mahindi ya njano ya msaada ndiyo yaliyokuwa maji yetu, na choroko zilianza kutoweka. Hakukuwa na fukusi. Tulikuwa tunazila. Bweni zima lilijua nani anazipika na kwenye kopo gani. Siku alipokuta gunia limelegea alisimama akilitazama, mikono mifukoni, na sote tukangoja radi. Akasema, "Mwili umekula chumvi yake," akaenda. Kesho yake tulicheza kwa vijiwe kutoka mtoni, na hakulitaja jambo lile tena.

Alikuwa na mambo yaliyopingana, na hakuona haja ya kuyapatanisha. Hakutaka kumpasua chura, lakini nyama choma aliila kwa bidii ya kutisha na mifupa akaivunja kutazama uboho. Alitutaka tufuate kanuni bila kunyanyua macho, na hapo hapo alimpenda kuliko wote mwanafunzi mbishi. Aliweza kukueleza safari ya dawa ya malaria kutoka mshipani mpaka kwenye ini, ila yeye mwenyewe akipata homa alijificha. Aliogopa sindano! Rafiki yangu Zuhura, aliyekuwa Misuli katika mchezo wetu na mtu asiye na aibu, aliwahi kumfukuza kuzunguka bweni na bomba la kwinini mkononi, sisi tukishangilia, hadi akamkamata kwenye uzio wa miba. "Zuhura, nisikilize," alikuwa anasihi, "kwa mdomo pia inafanya kazi!" Zuhura alimwambia kanuni inasema matako.

Miili yetu wenyewe aliiita vyura wasiokufa. Alitukimbiza kando ya reli na kutusimamisha ghafla tushike mapigo, yeye akikimbia pembeni kwa viatu vyake vya ngozi. Msimamizi wa stesheni alimwandama kwa malalamiko, maana abiria wakiona vijana wanakimbia reli nzima walidhani kuna hatari, wakaanza kukimbia nao. Mwaka Mkondoa ulipovunja kingo na kuingia mjini, watu walibeba magodoro vichwani, naye alikutwa darajani akiyatazama maji yanapanda. Mkuu wa chuo alimwita kwa hasira aje asaidie. Alikuja, akabeba magodoro mpaka mgongo ukamuuma, lakini kila alipopita karibu yangu alinong'ona, "Figo, ungetoa kiasi gani hapo?"

Nimesema haya yote nikicheka, lakini hakuwa mtu wa kuchekesha. Alikuwa na kitu kimoja alichokitaka mpaka kikamnyima usingizi, na kila mmoja wetu alikijua: mchezo ule ukubaliwe kuwa jaribio halali katika mtihani wa vitendo. Si kwa ajili yetu tu. Vyuo vya namna yetu vilikuwa vinafunguliwa kila upande, vyote bila maabara, na katika vyote wanafunzi walikuwa wanakariri matokeo ya majaribio ambayo hawakuyafanya. Jambo hilo lilimtia wazimu. "Mnawapa watu wagonjwa mtu aliyekariri," alimwambia mkuu wa chuo mbele yetu. Aliandika maombi, akaandika tena, na mwishowe akajibiwa kwamba mtahini atakuja kutoka Dar es Salaam kuuona mchezo kwa macho yake. Ukimridhisha, tutafanya mtihani kwa mchezo. Usipomridhisha, tutapelekwa Morogoro kufanya majaribio ya chura, na Mwalimu wa Mwili auache mchezo wake.

Wiki zile hazikuwa na utulivu hata kidogo. Tulicheza asubuhi, tukacheza baada ya kazi za shamba. Tulicheza mpaka nikawa naota punje. Alibadilisha kanuni, akazirudisha. Alichagua jaribio gumu makusudi: mtu anayehara sana na hapewi maji. Mstari ulitakiwa uanguke, Moyo aharakishe, mimi nifunge mkojo, Ngozi apoe, na mwisho mwili ufe mbele ya mgeni, kwa sababu ndivyo ilivyo kweli vijijini. "Atauona mwili unakufa," alisema, "na ataona tunajua kwa nini."

Mtahini alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye miwani mizito na kalamu mbili mfukoni. Aliitikia shikamoo zetu zote, moja moja. Akakaa. Chuma kikalia, tukaanza.

Kilichotokea nitakieleza jinsi kilivyokuwa. Aliyekuwa Moyo ni kijana mwembamba wa Masanze, na asubuhi ile aliamka na homa, lakini alikataa kubadilishwa. Alikaa pale akitetemeka, punje zinapungua bakulini mwake, na jirani yake ni Zuhura, Misuli, ambaye bakuli lake kwa kawaida ndilo linalojaa kuliko yote. Sasa fikiria Zuhura ni nani. Ni msichana aliyekulia nyumba ambayo sahani haifunikwi kabla hujaangalia kama jirani ameshakula, na kila Jumamosi tulisimama uwanjani tukifundishwa kwamba mwenye nacho ampe asiye nacho. Alimwona mwenzake anaumwa na anaishiwa. Kila chuma kilipolia alitoa kile ambacho kanuni inasema, na chini ya meza akaongeza gao moja la mkono. Hakufikiri. Naamini hata hakujua kwamba anafanya.

Mstari ulianguka vizuri. Kisha ukasita. Kisha ukalala sawa, ukakataa kwenda chini. Mwili ambao ulipaswa kufa ulikuwa unaishi tu, chuma baada ya chuma, na Mwalimu wa Mwili akaacha kutembea.

"Kwa nini hafi?" mtahini aliuliza.

"Ngoja, mzee." Aligeuka kwetu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Uongo uko wapi?"

Tulihesabu. Mimi nilihesabu mkojo wangu, ulikuwa sawa. Ngozi akahesabu. Utumbo akahesabu. Tulipofika kwa Misuli, punje zilikuwa chache mno kuliko zilivyotakiwa kuwa, na Zuhura akasimama.

"Nilimpa Moyo," alisema. "Alikuwa anakwisha, Mwalimu. Na mimi ninazo."

Hakumfokea. Nilitamani amfokee. Alimwambia taratibu, karibu kwa upendo, "Zuhura, ukimpa nje ya kanuni, unamficha mganga ugonjwa." Kisha akamgeukia mtahini na uso wake ukiwaka, maana kwake yeye lile lilikuwa ushindi: wanafunzi wake walikuwa wamekuta kosa kwa kuusoma mstari, bila msaada wa mtu. "Umeona, mzee? Umeona wamelipata?"

Mtahini alivua miwani, akaipangusa. "Nimeona ngonjera nzuri sana," alisema. "Vijana wako wana nidhamu. Lakini mwalimu, mgonjwa hana kanuni. Siku moja mwanafunzi wako atakuwa peke yake kijijini, atadhani bado yumo mchezoni, na ataua mtu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Tulipelekwa Morogoro, tukawapasua vyura, tukafaulu wengi wetu. Zuhura alilia njia nzima kwenye treni, na akishuka alikuwa amevimba macho. Tulimwambia kwamba mtahini angekataa tu hata mwili ungekufa kama ulivyopangwa. Mpaka leo sijui kama ni kweli. Tuliporudi Kilosa kuchukua mizigo yetu, Mwalimu wa Mwili alikuwa ameshahamishwa. Walimpeleka Mikumi, shule ya msingi, afundishe sayansi. Gunia la punje lilikuwa bado darasani, na mpishi alizipika.

Miaka ikapita. Mimi nilipangiwa zahanati Masanze, nikaolewa, nikazaa, nikatibu. Sikumtafuta. Nilimkumbuka mara nyingi kuliko nilivyowakumbuka watu niliowapenda zaidi, lakini sikumtafuta, mpaka nilipoitwa ofisini Kilosa na kuambiwa nitafundisha wahudumu wa afya wa vijiji, darasa zima, kwenye godauni la ushirika, Chanzuru. Niliuliza kuhusu vifaa. Walinitazama kwa huruma. Ijumaa hiyo hiyo nikapanda treni ya Mikumi.

Niliikuta nyumba yake kwa kufuata makelele ya nyani juu ya bati la shule, maana jirani yake ndiye mlinzi aliyekuwa akiwafukuza. Mkewe, mama mnene mwenye macho makali, alikuwa uani akibangua karanga. Alinipokea, akanipa kigoda, akapaza sauti, "Baba, una mgeni!"

Alitokea akiwa amezeeka. Shati limechomoka upande ule ule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Figo!" Alicheka, akanishika mikono yote miwili, akaanza kuniuliza habari za wenzangu huku akizunguka ua. Zuhura yuko wapi? Yuko Ifakara, mkunga. Moyo je? Amefariki, nikasema, ajali ya lori. Alizunguka ua mara nyingine.

Nilimweleza shida yangu. Nataka kanuni za mchezo. Nataka kuucheza Chanzuru, mimi ni nani wa kujali mtahini gani anasema nini.

"Nimeacha," alisema.

"Umeacha nini?"

"Siuchezi. Hata na watoto wa shule siuchezi."

"Tangu aje hapa," mkewe alisema bila kunyanyua macho. "Kila mwanafunzi wake wa zamani akipita hapa, swali ni moja tu. Usiku halali, mchana hali. Muulize na huyu basi, umalize."

Mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu. Sijawahi kumwona amesimama vile.

"Uliua mtu?" aliniuliza. "Kwa mchezo wangu. Uliwahi kuua mtu?"

Nilielewa mara moja, na nilikasirika. Niliikasirikia ile sentensi ya mtu mpole mwenye miwani, jinsi ilivyopanda treni hadi Mikumi na kukaa ndani ya nyumba hii miaka yote kama mpangaji.

"Sikuua," nilisema. "Lakini mchezo wako uliwahi kunidanganya."

"Wapi?"

"Masanze. Mtoto anahara, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Nilimchanganyia maji, chumvi na sukari, nikampa kikombe kizima, kwa sababu kwenye mchezo kilichoingia kimeingia, Utumbo anapokea anachopewa. Akatapika chote. Nikampa kingine. Akatapika. Mama yake ananitazama. Na mimi kichwani nauona mstari ubaoni unaanguka, nauona kabisa, Mwalimu, najua Moyo anafanya nini na Figo amefunga, najua tunaelekea wapi. Nikajiuliza uongo uko wapi. Nikakuta kwamba mwili wetu haukuwa na Tumbo. Kutoka mdomoni tulikwenda moja kwa moja kwenye Utumbo. Hakukuwa na mtu wa kukataa."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua kijiko. Kijiko kimoja, nikangoja. Kingine, nikangoja. Mpaka jua likazama."

"Akapona?"

"Anachunga mbuzi sasa."

"Nani alikufundisha kijiko?"

"Hakuna. Niliona umekosea."

"Umesemaje?"

"Nimesema ulikosea, Mwalimu. Miaka yote ile ulikosea, na sisi sote tulipita hapo hatukuona."

Aliweka mikono kichwani. Nilidhani nimemuumiza, nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji, lakini alikuwa anacheka, machozi yanamtoka na anacheka. "Wote wananiambia asante," alisema. "Kila anayepita, asante Mwalimu, asante Mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyeniletea kosa!" Aliingia ndani kwa haraka, tukasikia masanduku yanavutwa na kitu kinaanguka, akarudi na bakuli za jikoni amezikumbatia kifuani, kifuniko kimoja kinaviringika uani. Alichota karanga kutoka kwenye ungo wa mkewe bila kuomba.

Treni ya Kilosa ilipiga honi stesheni. Niliisikia, na sikuinuka.

"Wewe Figo, kaa pale pale," alisema. "Mimi Moyo na Utumbo. Sasa Tumbo. Tunahitaji Tumbo. Nani atakuwa Tumbo?"

Mkewe alipangusa mikono kwenye kanga, akavuta kigoda chake kati yetu. "Kanuni yangu ni ipi?"

"Ukipewa kidogo, pokea, mpe Utumbo. Ukipewa nyingi kwa pamoja, rudisha zote."

"Hiyo naijua," alisema mama, na akalishika bakuli. "Haya, nipe."